Damu Iliyorudi

Tulikuwa watu wa pwani tuliohamia Woodley, baba akiuza vitambaa karibu na River Road, na baridi ya Nairobi hatukuizoea kamwe. Aliyeumia zaidi ni mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na minne, mwenye ugonjwa wa damu aliozaliwa nao.

Daktari alitueleza kwa Kiswahili chake cha mjini. "Mama, damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwa uboho. Hizo chembe nyekundu ndio zinabeba hewa kutoka kwa mapafu zikipeleka mwili wote. Zangu na zako ni mviringo, laini, zinaishi kama miezi minne. Zake zinajikunja kama mundu, zinakufa haraka, na mwili ukikosa maji zinaziba njia. Mpatie maji mingi. Na asipigwe na baridi."

Mama hakuamini kwamba damu hutoka mifupani, mahali pakavu vile. Mdogo wangu aliamini, maana mifupa ndiyo iliyomtesa. "Kiwanda changu hakilali," alinitania, "ila bidhaa zake mbovu."

Mwishoni mwa miaka ya sabini Ramadhani iliangukia miezi ya baridi. Wenzake wote wa chuo cha Kurani walifunga, naye alichoka kula mchana jikoni, amejificha kama mwizi. Baba alimwambia mgonjwa ana ruhusa.

"Lakini leo siumwi, baba."

Kweli, siku ile hakuwa anaumwa. Baba akamwacha afunge. Mama, nasema wazi, alifurahi, akamwandalia kaimati alizozipenda.

Alasiri nilimkuta mkekani, magoti kifuani, midomo imemkauka. Nikamletea maji, akayasukuma. "Jua linakaribia kutua. Usimwambie mama."

Nilimwambia papo hapo. Mama akatoka jikoni na bilauri, akabembeleza, akakemea, lakini mtoto alifumba mdomo. Kichwa kigumu alikirithi kwa baba. Adhana ilipotoka redioni akanywa bilauri nzima, akacheka, akataka kusimama. Miguu ikakataa.

Hospitalini walihitaji damu. Yangu ilikubaliana na yake, nikatoa. Niliiona ndani ya chupa, nyekundu, nzito, nikaamini itamfaa. Lakini mapafu yake yalikuwa yameshazibwa, na alikufa kabla chupa haijaisha.

Waliokuja kutoa mkono wa tanzia walisema heri yake, kaenda na saumu yake. Nilitamani kuwafukuza wote. Mama aliwaitikia kwa adabu mmoja mmoja, na ile bilauri hakutaka mtu aiguse.

Sikumsamehe hata daktari, aliyetaka tu kunituliza tulipokuwa tunaondoka. "Usiogope kizunguzungu," aliniambia. "Mifupa yako itarudisha hiyo damu, ni wiki chache tu."

Ilirudi yote. Kufikia Idi nilikuwa na nguvu za kutosha kubeba nguo zake kwenda kuzigawa.