Kilima Katikati ya Kioo

Majira yale ya baridi, huko Vermont, Verna Colby aliacha kusuka mazulia akaanza kusugua kioo. Chama cha watengeneza darubini pale mjini kilikuwa cha mafundi mitambo watupu, na mwenyekiti wao, Everett Goodale, alipomwona mke wa mjenzi akiingia alidhani amekosea mlango. Verna akamwambia hakukosea. Alirudi nyumbani na vipande viwili vya kioo kinene, akapindua pipa la matufaha jikoni, akawa anasugua kimoja juu ya kingine huku akilizunguka, ili kimoja kichimbike polepole kiwe kioo cha darubini.

Mumewe, Harlan, aliyejenga kuta za mawe mashambani, aliendelea kula viazi vyake. Alilalamika mara moja tu, alipokuta mchanga wa kusugulia ndani ya siagi.

Ulipofika wakati wa kupima, Verna alikishusha kioo kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alikisimamisha upande mmoja. Upande wa pili akaweka taa ndani ya kopo lililotobolewa kwa sindano. Mwanga ulitoka tunduni, ukagonga kioo, ukarudi kukusanyika mbele ya jicho lake, na hapo ndipo alipoukata taratibu kwa makali ya kisu. Kioo kilichokaa sawa kingefifia chote kwa pamoja. Chake kilionyesha mwanga huku na kivuli kule, kama kilima kilichoinuka katikati yake wakati wa machweo.

Goodale naye alikipima, akasema kinatosha, mwezi utaonekana vizuri tu. Verna alimshukuru, akakifunga kwenye taulo, akarudi kukisugua upya.

"Hicho kilima kina urefu gani?" Harlan aliuliza alipoelezwa.

"Chukua unywele, uupasue vipande mia tano. Kipande kimoja."

"Na hicho ndicho kinachokunyima usingizi."

"Ndicho. Shuka ukione."

Harlan alishuka. Verna alimwambia abonyeze kidole juu ya kioo kwa muda mfupi, kisha aje achungulie. Alipochungulia, pale alipogusa palikuwa na nundu.

"Nimekiharibu, mama?"

"Ni joto lako tu. Litapoa."

Harlan aliinama pale mpaka nundu ikaisha. Kilima cha katikati kikabaki.

"Hapo hapakukaa sawa," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa kuta zilizojengwa na watu wengine.

Tangu siku hiyo Verna hakupata amani. Harlan alitaka kujua kila jioni kama kimepungua, akashauri mkono ubonyeze wapi wakati wa kusugua. Wakabonyeza kupita kiasi, kilima kikawa shimo. Harlan akatoka akapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Wakaanza upya bila kulaumiana, au angalau bila kulaumiana kwa sauti.

Theluji ilikuwa inayeyuka siku kisu kilipopita na kioo kizima kikafifia kama taa inayopunguzwa. Harlan alitazama kwa muda mrefu, kisha akainuka akishika magoti.

"Sioni kitu."

"Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta," Verna alisema, akaketi kwenye ngazi.

Mwezi wa Agosti waliielekeza darubini yenye kioo hicho kwenye sayari ya Zohali, malishoni, Goodale akiwepo. Verna alitazama kwanza, akapangusa macho kwa aproni. Harlan akafuata.

"Kumbe ina pete kweli," alisema. Halafu akamvuta Goodale kando, akamuuliza vioo vikubwa zaidi vinapatikana wapi.

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kuliko cha mke wangu."