Fundi Taratibu na Besi ya Mdogo Wake

Kati ya cherehani yangu na meza yake ya kazi palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Kwa miaka kumi na sita niliyopanga chumba kile, nilijua kwa sikio tu randa yake inapopita kwenye ubao mgumu na inapopita kwenye ubao mlaini. Watu walimwita Fundi Taratibu, na hawakuwa wanamsifu. Ukimpelekea gitaa lenye ufa atalitazama siku tatu kabla ya kulishika. Ukimuuliza litakuwa tayari lini, anakujibu, "Likiwa tayari litakuwa tayari," halafu anakupa kisogo.

Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha viti. Miaka tisa alichonga miguu ya nyuma, ya kushoto. Ya kulia ilikuwa na mtu wake, na viegemeo vilikuwa na mtu wake. Aliniambia kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kukalia kiti alichokitia mkono, hadi siku alipoitwa ofisini kusaini barua ya kupunguzwa kazi. Kiti kikayumba.

"Jirani, nikainama nikachungulia," alisema. "Mguu wangu ulikuwa umesimama barabara. Uliokuwa unayumba ni wa kulia."

Ndilo jambo pekee la kiwandani nililowahi kumsikia akilifanyia mzaha. Mengine yote aliyatemea mate.

Alikuwa na mdogo wake wa kike. Wazazi walipofariki yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, na binti kumi na mmoja. Akamlea. Alimsuka nywele mwenyewe kwa vile vidole vya seremala, hadi wanawake wa uani wakaona haya wakampokonya kitana. Binti alipokua akapenda muziki, na katika ala zote za dunia akachagua gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene, ambalo wengi hawalisikii mpaka linyamaze.

Tatizo lilikuwa mikono. Mikono yake ilikuwa midogo kama ya mtoto wa shule, na shingo ya besi ni ndefu. Kutoka noti hadi noti vidole lazima vitanuke kama mtu anayepima shubiri. Alijifunzia kwenye besi ya kiwandani ya kuazima, akawa anarudi nyumbani mkono ameutia kwapani, machozi yanamlengalenga.

"Hizi za kiwandani," kaka yake alimwambia, "zimetengenezewa mtu ambaye hayupo. Chukua mikono yote ya duniani, jumlisha, gawanya, ndiyo unampata huyo mtu. Wewe si yeye. Nitakutengenezea yako."

Nilimpima mimi, kwa utepe wangu wa kushonea. Kidole kwa kidole, kiganja, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Fundi aliandika vipimo ukutani kwa penseli, kisha akaingia kazini. Mwili wa gitaa aliuchonga kwa mvule, akauchimba ndani apunguze uzito ili bega la binti lisiumie. Shingo aliifanya fupi na nyembamba. Kila mstari wa chuma pale shingoni aliusugua ncha zake hadi ukipitisha kidole huhisi kitu. Nilishuhudia akitumia siku nzima kusugua sehemu isiyozidi upana wa kucha.

Lakini ubao wa shingo ulikuwa haujakauka. Mwenyewe alishanifundisha: ubao wa shingo unapangwa darini miaka mitatu, la sivyo utakuja kupinda ukishavutwa na nyuzi. Ule ulikuwa na miezi saba. Bendi ya binti ilikuwa imepata nafasi studio, wimbo wao wa kwanza, na binti akaja akapiga magoti kwenye vumbi la mbao.

"Kaka, nakuomba. Nikienda na lile la kuazima nitaaibika."

Fundi akaenda darini, akaushusha. Mara moja tu katika maisha yake Fundi Taratibu alifanya haraka, na alifanya kwa mapenzi.

Siku chache baadaye wimbo ukatoka. Ulianza na besi peke yake, mapigo manane kabla ya ngoma kuingia, sauti nzito, ya mviringo, kama mtu anayenong'ona akiwa ndani ya mtungi. Mara ya kwanza fundi aliusikia kwenye redio yangu. Akaja na randa mkononi, akasimama mlangoni, na ulipokwisha akageuka akawaita wenye maduka wote wa mstari wetu: muuza viatu, kinyozi, hata fundi saa asiyesikia vizuri.

"Mmesikia? Ule ni mvule wangu ule! Ni mkono wangu!"

Alicheka. Wakati ule nilikuwa nimepakana naye miaka miwili, na sikujua kwamba ana pengo la jino upande wa juu.

Binti alifika jioni ile, gitaa begani. Nakumbuka alikuwa amefunga vidole viwili kwa kitambaa. Nikamuuliza, akasema amebanwa na mlango. Alimwambia kaka yake kwamba shingo imelegea kidogo. Fundi akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga, akasema kweli imepinda kidogo, si neno, ubao bado mchanga. Baada ya miaka miwili na ushei, mbao za darini zilipokomaa, alimwekea shingo mpya, na toka hapo gitaa lile halikuwahi kuteleza hata nusu noti. Hilo nalisema mimi niliyelisikia majukwaani. Lilikuwa gitaa zuri.

Wimbo ule ndio ulioleta wateja. Walikuja watu kutoka mbali wakisema wanataka "besi ya wimbo ule." Akawatengenezea, mmoja mmoja, taratibu. Na jina lilivyokua, na ulimi nao ukakua. Mtu akipita na besi ya kiwandani aliigonga kwa ukucha akasema, "Kuku wa kisasa huyu. Anajaza sahani, hajazi mdomo." Mwenye duka la vyombo vya muziki alikuja mara mbili kumwomba amrekebishie magitaa yanayofika kwenye makasha, maana mengine hufika nyuzi zikiwa juu mno. Mara zote mbili alimfukuza.

Siku moja alikuja dereva wa lori aliyekuwa akipiga besi kanisani. Alikuwa amejinyima mwaka mzima, akanunua ya kiwandani, nyekundu, inang'aa. Alitaka tu ishushwe nyuzi. Fundi aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mkiani. "Rudisha dukani," akamwambia mbele za watu. "Mimi si fundi wa masufuria." Tulicheka, na mimi nikiwemo. Yule dereva alilipangusa gitaa lake kwa mkono wa shati, akalirudisha kwenye mfuko polepole, akafunga zipu, akaondoka. Mdogo wake fundi alikuwepo. Hakucheka. Alikuwa akitazama kucha zake.

Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo.

Studio ile ilipofungwa, aliyekuwa fundi mitambo wake alikuja asubuhi moja, mtu mnene, mchangamfu, amebeba besi ya kiwandani iliyochakaa, rangi imebanduka ubavuni. Nilimsikia kupitia ukutani.

"Fundi, nimepata mnunuzi wa hii. Anaitaka kwa sababu ya historia yake. Isafishe tu, uweke nyuzi mpya."

"Historia gani? Sufuria lina historia?"

Yule bwana akacheka. "Usilitukane. Hili ndilo lililopiga wimbo wa mdogo wako."

Randa ilisimama. Mguu wangu nao ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Umekosea," fundi alisema.

"Nikosee nini, bwana? Nilikuwepo, mitambo niliiendesha mimi. Lile lako lilikataa. Chumba kile kilikuwa na baridi ya mashine, shingo ikajikunja, kila noti ya juu ikawa ya uongo. Tulipoteza saa nzima. Ikabidi achukue hili la studio. Refu kwake, masikini, tulirudia mara tisa, vidole vikavimba tukamtafutia barafu. Alikuwa analia, lakini alipiga." Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi nilidhani unajua."

Fundi alilipokea gitaa. Akasema, "Liache. Njoo kesho kutwa."

Nilitegemea kusikia kishindo. Badala yake nilisikia msasa. Alilifanyia kazi gitaa lile siku mbili, kwa utulivu uleule. Akalisugua mistari ya chuma, akalishusha nyuzi, akalisafisha hadi kwenye skrubu. Siku ya pili mchana akalichomeka kwenye spika. Fundi Taratibu hakuwa mpigaji. Alijua mapigo manane tu maishani mwake, na alijifunza kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Akayapiga. Ilikuwa sauti ileile ya redioni, ya mviringo, ya ndani ya mtungi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiyapiga mapigo hayo kwenye magitaa yake, na sisi wote tulikuwa tukisema ndiyo hiyohiyo. Sasa nilijua haikuwa hiyohiyo. Nadhani na yeye alijua.

Binti alikuja Jumamosi baada ya mazoezi, besi yake begani. Mlango ulikuwa wazi, nikasimama pale, wala hawakunifukuza.

"Wimbo ule uliupiga kwa gitaa gani?" fundi alimuuliza.

Binti akashusha mfuko begani, akauegemeza ukutani kwa uangalifu.

"La studio, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Siku ileile ya redio. Nikakukuta unacheka. Sikuwa nimekuona unacheka tangu mama afe. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake umeshawatangazia wateja. Wiki iliyofuata umeshaandika jina la wimbo kwenye kibao cha mlangoni. Ningekuambia vipi?"

"Miaka kumi na mmoja umeniacha natukana watu."

"Uongo ni wangu, nimekubali," binti alisema. "Lakini kutukana watu sikukutuma."

Hapo ndipo palipouma. Fundi akaokota lililokuwa karibu.

"Gitaa liache hapo," alisema. "Kama la kiwandani ndilo lililokupa jina, kapige la kiwandani."

"Kaka, mkono wangu unaujua."

"Nimesema liache."

Akaliacha. Alitoka akipita mbele ya duka langu, na mkono mmoja ulikuwa unatafuta mkanda wa mfuko begani, pale ambapo haukuwepo tena.

Nilimwendea fundi kesho yake. Nilimwambia, "Magitaa yako ni mazuri. Wateja wako hawakurudi kulalamika hata mmoja. Wimbo mmoja tu haukuwa wako, basi." Alinijibu kwamba nishone nguo zangu.

Mwezi haukuisha, akapita mgeni mmoja akitafuta besi fupi kwa ajili ya mke wake. Fundi akamuuzia ile ya mdogo wake. Hakuuliza jina, hakuuliza anaelekea wapi, hakutaka hata kupatana bei. Fundi alipolitoa gitaa nje nilisimama mlangoni nikamwambia, "Fundi, hicho unachofanya hakirudi." Akasema, "Najua."

Siku tano baadaye binti akaja. Alikuja kuomba radhi. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda mbele ya wakwe. Alitazama pale ukutani alipoliegemeza. Kaka yake akamwambia limeuzwa. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Kwa nani?" na fundi akasema hajui. Binti akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia, akaondoka.

Angeweza kumtengenezea jingine. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Vipimo bado vilikuwa ukutani. Siku moja nikamkuta ameviandikia juu namba za vipimo vya kabati.

Binti aliendelea na bendi kwa besi ya kiwandani, ndefu, kama wanayomuuzia kila mtu. Alivumilia mwaka na nusu. Kisha kifundo cha mkono wa kushoto kikakataa. Daktari akamwambia apumzike miezi sita, na bendi haikuweza kungoja miezi sita. Sasa anafundisha watoto kuimba, mahali pasipohitaji vidole.

Fundi naye alikwenda mwenyewe kwa yule mwenye duka la vyombo vya muziki. Siku hizi makasha yanafika kwake, magitaa ishirini kwa mara moja, yote sawa kama mayai, na yeye anayashusha nyuzi na kusugua ncha zilizoachwa na mashine. Anafanya vizuri. Nilimuuliza kama ni mabaya kweli kama alivyokuwa akisema. Akafikiri, kwa desturi yake.

"Si mabaya," alisema. "Mengi ni mazuri kwa watu wengi."

Kutengeneza la mkono ameacha. Akija mteja akiulizia "besi ya wimbo ule," anamwambia ukweli mlangoni pale pale, kwamba haikuwa yake. Wengi wanaondoka. Wachache wanaobaki anawaambia ubao haujakauka.

Mwezi uliopita alijikata kidole, nikamsindikiza duka la dawa, nimemfunga na kipande cha kitambaa. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa mdogo wake, ananunua dawa ya kuchua. Aligeuka akatuona. Akatazama kile kidole chenye damu, kisha uso wa kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nilisogea pembeni makusudi, nikajifanya nasoma bei za sabuni, ili kama kuna neno wapate kulisema. Muuza dawa akahesabu chenji. Binti akaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameutia kwapani, akatoka.

"Nani anafuata?" akauliza muuza dawa.