Siku Niliyomtaja Maduhu Mbele ya Wazazi

Mpaka leo nikimwona mzazi yeyote wa shule yetu pale sokoni Mkuyuni nageukia nyanya kama vile nazikagua, maana aibu niliyoipata siku ya wazazi haijaniisha, na chanzo chake ni tikiti maji.

Nafundisha kemia kidato cha pili. Mkuu wa shule alitaka nieleze kwa Kiswahili jinsi picha ya atomu ilivyobadilika, ili wazazi nao waelewe. Miaka yote somo hilo tulilifanya wawili, mimi na mwalimu Maduhu wa fizikia, na yeye ndiye aliyekuwa akichagua tikiti kwa kuligongagonga na kulisikiliza, mimi nacheka. Sasa amehamishiwa Musoma (na sikuwahi kumwambia kitu, tulikuwa tunakunywa chai pamoja tu), kwa hiyo asubuhi ile nikachukua la kwanza nililoliona, nikasema tikiti ni tikiti.

Nilianza vizuri. Nikawaonyesha gololi, kwamba mwanzoni wanasayansi walidhani atomu ni kitu kigumu kisichogawanyika. Baadaye elektroni zikagunduliwa, wakasema basi atomu iko kama tikiti na elektroni ndizo mbegu, nikalipasua, likawa jeupe pee, bichi, hata mbegu hazionekani.

"Madam, elektroni ziko wapi?" akauliza msichana mmoja wa mbele.

Wazazi wakaanza kucheka, nikachanganyikiwa, nikarukia hatua inayofuata, nikasema kwa sauti kubwa (na kipaza sauti siku hiyo kilikuwa kizima) kwamba akaja mwanasayansi mwingine akagundua karibu uzito wote wa atomu uko katikati, na hapo katikati yupo Maduhu, na elektroni zinamzunguka.

Kiini. Nilitaka kusema kiini.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami badala ya kunyamaza nikajisahihisha: "Samahani, Maduhu ana chaji chanya." Walimu wenzangu wakainamisha vichwa. Ile picha ya sasa, ya wingu, kwamba elektroni huwezi kusema iko wapi hasa, unaweza kusema tu ni wapi inaelekea kupatikana, niliieleza nikitazama dirishani, upande wa ziwa, kama vile Musoma inaonekana kutoka shuleni kwetu Igogo.

Nje nikakuta mama mmoja mtu mzima ananisubiri. Mama yake Maduhu, kumbe mjukuu wake anasoma kwetu.

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba mwanangu. Naye akija nyumbani anakutajataja hivyo hivyo, tena kwetu hakuna anayemuuliza habari za kemia."

Nimeapa sitafundisha tena atomu mbele ya wazazi. Namba ya Maduhu ninayo. Kila jioni naifungua, naitazama, halafu naweka simu chini, naendelea kusahihisha madaftari.