Keki ya Harusi na Mlio wa Tairi la Kushoto

Mwanzoni mwa miaka ya tisini shemeji yangu Okello alikuwa anaoa kwao Usenge, na keki ilikuwa jukumu la dada yake, yaani mke wangu. Mama Awino, ndivyo ninavyomwita, alizioka nyumbani kwetu Kisumu, tatu za ukubwa tofauti, akazipaka sukari nyeupe na kuzipamba kwa maua madogo ya waridi. Kazi yangu ilikuwa kuzifikisha zikiwa nzima, kwa pikapu ya zamani niliyorithi kwa baba.

Ijumaa asubuhi tuliondoka. Keki mbili kubwa zilikaa nyuma juu ya godoro, chini ya turubai. Ile ndogo Mama Awino aliipakata kama mtoto mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na siku zote hizo pikapu ilikuwa inakanyaga tope jeusi la mtaani kwetu, lile linalonata kama ugali wa moto.

Kabla ya Kisian, nilipoongeza mwendo kwenye lami, usukani ulianza kutetemeka mikononi. Papo hapo mlio ukatoka mbele, wuuu, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi.

"Baba Awino," mke wangu akasema, "maua yanacheza."

Nikatupa jicho. Kweli, maua yote yalikuwa yanatikisika, na moja lilikuwa limeshaanguka. Nikapunguza mwendo, yakatulia. Nikaongeza, yakaanza tena.

"Punguza, bwana! Hii keki haijaalikwa disko!"

Nilicheka, lakini kwa hofu. Niliwahi kuona gari lililochomokwa na tairi la mbele, na dereva wake hakupona akahadithia. Hata hivyo, kurudi nyumbani kungemwacha Okello aoe bila keki. Nikaegesha kando ya barabara.

Hapo nilizikaza nati zote kwa spana, lakini hakuna iliyokuwa imelegea. Nikapapasa tairi, halikuwa na uvimbe. Ndipo nilipopitisha mkono nyuma ya rimu ya mbele kushoto nikakuta tope limekauka na kuganda upande mmoja, bonge zito kama jiwe la kusagia. Gurudumu lenye uzito upande mmoja haliwezi kuzunguka kwa utulivu. Nililikwangua kwa kijiti, nikaosha kwa maji ya mtaroni, tukaondoka. Usukani ukatulia tuli. Mama Awino akapiga vigelegele, kisha akanyamaza na kutega sikio.

"Lakini ule mlio bado uko."

"Utaisha polepole," nikamwambia. "Shida ilikuwa tope."

"Tope limetoka na mlio umebaki. Basi hayo ni mambo mawili, Baba Awino."

Nilikuwa nimetaka sana iwe shida moja.

Njia ya kuelekea Akala tuliigeuza shule. Kwenye mteremko nilitoa gia, gari likashuka lenyewe, na mlio ukabaki uleule. Basi haukuwa wa injini. Halafu mke wangu akagundua kwamba kwenye kona za kulia mlio unapanda, na kwenye kona za kushoto unafifia. Barabara ilikuwa tupu, kwa hiyo nikaliyumbisha gari taratibu, kulia, kushoto, kulia. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama akatutazama.

"Mmelewa asubuhi yote hii?" akatupigia kelele.

"Tunasikiliza gari, mama!" mke wangu akajibu kupitia dirishani, na mama yule akatikisa kichwa kwa huruma.

Bondo tuliingia polepole, tukaulizia fundi, tukaelekezwa kwa Odongo karibu na soko. Kabla sijafungua mdomo, Mama Awino alikuwa ameshamweleza yote.

"Ukikata kulia, mzigo unalalia tairi la kushoto," Odongo akasema. "Nashuku beringi, zile gololi za ndani ya gurudumu. Lakini tusiihukumu kabla ya kuiona."

Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalisukasuka. Kotokoto, likajibu.

"Kanyaga breki, bwana."

Nilikanyaga. Akasukasuka tena, kimya.

"Umeona? Ingekuwa ni viungo vya usukani, lingecheza hata na breki. Hii ni beringi tu."

Alipofungua kifuniko cha katikati, grisi ilikuwa imekauka kama masizi, na pini inayozuia nati isifunguke haikuwepo. Tulitazamana, tukatazama keki mikononi mwa mke wangu. Beringi mpya ilipatikana duka la jirani. Akaipaka grisi kwa kiganja, akaikaza, akakunja pini mpya. Huku nyuma mkewe alitukaribisha chai na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya moto, tukala tukicheka kama watu waliorudishiwa kitu.

Usenge tulifika mchana, ziwa likimetameta. Keki zilikuwa nzima, zimepungua maua matatu tu. Kesho yake gari la kukodi la bibi harusi halikuonekana, kwa hiyo pikapu yetu ikaoshwa, ikavishwa maua, nikawabeba bibi harusi na nyanya yake. Katikati ya njia nyanya akanishika bega.

"Gari imezima, nyathina, mwanangu?"

"Inaenda, dani, nyanya yangu. Ni kimya tu."

"Ah! Ero kamano, asante. Hata Mungu atasikia kiapo vizuri."

Jumapili tukirudi Kisumu, Mama Awino ndiye aliyeendesha. Nilikuwa nimejifunza safarini kwamba huwezi kuusikiliza mlio vizuri kama wewe umeshaamua unatoka wapi. Baada ya Ndori tukasikia tik, tik, tik, ikienda mbio kadiri gari lilivyoongeza mwendo. Nikafungua mdomo.

"Usiniambie!" akasema.

Akasimamisha gari, akavua viatu, akashuka, akazunguka tairi moja baada ya jingine akiwa ameinama. Kisha akainuka, uso umejaa kicheko, akiwa ameinua juu kokoto ndogo aliyoichomoa katikati ya meno ya tairi.