Herufi ya Nne

Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimewaambia watu kwamba sikuchukua jina la ukoo wa mume wangu kwa sababu ya msimamo. Nimelisema hilo kwenye semina za chuo, kwenye foleni ya kitambulisho, hata mbele ya mchungaji aliyeuliza kwa nia njema tu. Mwanamke ni mtu kamili, nilisema, ana jina lake. Watu walitikisa vichwa kukubali, wengine wakaandika.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Jina la mume wangu ndilo jina la baba yake, na mimi, msomi mzima, sijawahi kulitamka jina la baba mkwe hata nikiwa peke yangu bafuni.

Kwetu Unyakyusa hiyo huitwa kutila. Mkwe wa kike hamtazami baba wa mume wake, hapiti mbele yake, hataji jina lake. Siku hizi wengi wamelegeza. Mimi nilitangaza mapema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, halafu kila baba mkwe alipotokea kwenye kona ya nyumba yake kule kijijini Mwaya, nilijikuta nimeshazama migombani. Nikitoka na majani kichwani nasema nilikuwa natazama kama ndizi zimekomaa.

Mwaka huu mzee alimaliza nyumba mpya, yenye msingi mrefu wa kukwepa mafuriko, akataka jina lake likae juu ya mlango kwa herufi za mbao. Jumamosi mchungaji angekuja kuiombea nyumba. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu tangu niache kufundisha nina mashine ndogo ya umeme ya kukatia nakshi, na kwa sababu nimejisifu mno. Sebule yetu hapa Kyela mjini imejaa samaki wa mbao. Mashine yenyewe ina bledi nyembamba karibu kama uzi, inapanda na kushuka mbio, nawe unasogeza ubao taratibu kufuata mstari. Ni kazi ya watu wenye subira na wastaafu waliokosa cha kufanya.

Mume wangu alizichora herufi kwenye karatasi na kuzigandisha juu ya ubao wa mninga. Nilimwambia achore yeye kwa sababu mwandiko wangu ni mbaya. Akanitazama kidogo, akachora.

Jina hilo, kama majina ya nusu ya watu wa wilaya hii, linaanza na Mwa. Herufi hizo tatu nilizikata asubuhi moja huku nikiimba. Nikaanza ya nne. Taa! Bledi ikakatika.

Niliruka hadi kiti kikaanguka. Nikacheka, nikafunga bledi nyingine, nikarudi palepale. Taa! Niliikaza zaidi, ikakatika. Niliilegeza, ikakatika. Nilibadilisha ubao, nikaulaumu umeme wetu unaopanda na kushuka, nikaulaumu mninga wenyewe. Kisha, ili kuijaribu mashine, nikakata samaki mmoja, mapezi na mkia, kona zote. Bledi ikabaki nzima. Nikairudisha kwenye herufi ya nne. Taa!

Nilikaa chini nikautazama ule ubao kama mtu aliyetukanwa na meza yake mwenyewe.

Nikaenda dukani. Mwenye duka la vifaa ni mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na utani wake nao ulitoka huko.

"Mwalimu, bledi tena? Unakata mbao au unakata reli?"

"Bledi zako mbovu."

"Mbovu? Wale samaki ulioniletea umewakata kwa meno?"

Nikachukua pakiti nyingine, nayo nikaimaliza karibu yote kwenye herufi ileile.

Alhamisi akaja wifi yangu kutoka Mwaya na mchele. Hata hajakaa, akaziona herufi tatu mezani.

"Wifi, hizi za kila mtu nimeziona. Za baba ziko wapi?"

"Bledi zinakatika."

"Zinakatika kwenye jina la baba tu?"

"Ndivyo inavyotokea."

"Haya." Akautua mchele. "Baba anajua hulitaki hilo jina. Tangu harusi anajua. Basi tu hasemi."

Nilisimama na sufuria mkononi. Milio yote ile ya bledi haikunishtua kama maneno hayo. Kumbe hotuba zangu zilifika Mwaya. Kumbe kila nilipozama migombani, mzee aliona mtu anayekwepa jina la wakulima kama yeye. Na Jumamosi, mbele ya kanisa zima, angesimama chini ya mlango mtupu, na asingekuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Ijumaa jioni nilikuwa kwenye mashine tena. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Unaangalia nini?" akauliza.

"Naangalia kazi."

"Unaangalia dirisha, mama."

Nikazima mashine. Ilikuwa kweli. Mikono yangu ilikuwa juu ya ubao, na uso wangu ulikuwa umegeukia dirishani, kidevu begani, kama bibi harusi mbele ya wakwe.

"Kwenye M ulikuwa umeinama hadi pua iko kwenye vumbi," akasema. "Hapa unazungusha ubao bila kuona. Bledi inapinda. Isikatike?"

Nilivuta kiti karibu, nikaikodolea macho ile herufi, nikawasha. Shingo ikageuka yenyewe. Taa!

Ikabaki bledi moja. Mume wangu akachukua simu yake, akatoka nje. Baada ya muda simu yangu ikaita. Namba ya mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Siyo mama," ikajibu sauti ya kiume. "Usikate."

Nilitafuta migomba. Sebuleni hakuna migomba.

"Kwenye simu hatuonani," akaendelea baba mkwe. "Nimemuuliza mama yako, amesema haina shida. Wanangu wananiambia jina halikatiki."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni kweli hulitaki?"

"Nalitaka, baba. Naliogopa."

Nikasikia kuku wa Mwaya. Kisha akacheka hadi akakohoa.

"Unaliogopa! Na wewe ni profesa!"

"Mimi si profesa, baba."

"Mimi nasema, huyu msomi ameona jina letu lina matope. Kumbe ulikuwa unanitila?"

"Nilikuwa nakutila, baba."

"Miaka yote hiyo, na mdomo wote ule?"

"Na mdomo wote ule."

Akavuta pumzi. Sauti ilipotoka tena ilikuwa ya chini.

"Ndaga, asante mwanangu. Sasa sikia. Hilo jina nakuruhusu kulitazama. Washa mashine. Nipo hapa."

Nikaiweka simu mezani, sauti juu, nikafunga bledi ya mwisho. Nikainama hadi miwani ikaingia vumbi. Shingo ilitaka kwenda, nikasikia mtu anakohoa ndani ya simu, shingo ikarudi. Nikaufuata mstari kwenye kona yake ya kwanza, kisha kwenye ile iliyokuwa inaniua. Kipande kikaanguka mezani.

Nikazima.

"Imekatika?" baba mkwe akauliza.

"Ipi, baba? Herufi au bledi?"

"Herufi."

"Imekatika."

"Na bledi?"

"Nzima."

"Basi na simu nayo isikatike," akasema. "Shika ya tano."