Kombi ya Wagonjwa na Amri ya Moshi

Mlango wa nyuma wa kombi ya Firmin ulikuwa na ubao wa chuma uliofungwa na fundi mmoja wa kuchomelea wa mtaa wa Yeoville. Ubao huo ukishushwa hadi chini, kiti cha magurudumu kilipanda garini na mgonjwa wake juu. Teksi za mjini hazikuwa na kitu kama hicho, wala madereva wake hawakuwa na subira ya kumngoja mtu mwenye mguu mbovu. Ndiyo maana wagonjwa wa kanisa la Firmin, Wakongo wa mtaa wa Berea, hawakuwa na njia nyingine ya kufika hospitali.

Firmin alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, asiye na maneno mengi. Kwao aliendesha lori la bia. Johannesburg ilimpokea kwa kazi ya kulinda magari ya wengine kwenye uwanja wa maduka, akapigwa na jua na baridi miaka mingi, hadi kanisa liliponunua kombi kuukuu ya dizeli na kumkabidhi ufunguo. Tangu hapo alitembea kama mtu aliyerudishiwa jina lake. Kabla ya kumpakia mgonjwa yeyote alifuta viti kwa kitambaa chenye maji ya moto, hata kama alivifuta jana yake.

Mgonjwa aliyemtia wasiwasi kuliko wote alikuwa Mama Hélène, mjane wa Bukavu aliyekaa orofa ya chini ya jengo lililo katikati ya barabara ya mteremko. Kisukari kilikuwa kimemfungulia kidonda mguuni, nacho kilitakiwa kusafishwa kliniki kila baada ya siku moja. Daktari alimwambia Firmin pembeni, bila kuzunguka, kwamba kidonda kikikosa kusafishwa, au mguu ukigongwa-gongwa, mguu utakatwa.

Kisha, mwaka 2017, ikaja amri ya mahakama.

Ililetwa na kesi ya Lynette, Mkenya aliyekuwa na shule ya watoto wadogo mkabala na jengo la Mama Hélène. Mabasi ya kwenda Lubumbashi yalikuwa yakipakia mizigo pale asubuhi nzima, injini zikinguruma, moshi ukiingia moja kwa moja kwenye madirisha ya darasa. Mtoto mmoja mwenye pumu alitolewa siku moja midomo imegeuka buluu. Lynette akaenda mahakamani, akashinda. Hakuna gari la dizeli lililoruhusiwa tena kuingia katika kipande kile cha barabara, kutoka robot ya juu, yaani taa za kuongozea magari, hadi robot ya chini. Waliosamehewa walikuwa ambulensi, zimamoto, polisi, lori la taka na lori la maji. Mwingine yeyote anayetoa huduma ya lazima kwa umma angeweza kuomba, na afisa wa mahakama angekuja kujionea kabla hakimu hajaamua; hadi jibu litoke, gari la mwombaji lingeendelea kuingia.

Lynette mwenyewe ndiye aliyemsaidia Firmin kuandika ombi.

"Papa Firmin, mimi sina neno na kombi yako," alisema. "Shida yangu ni yale mabasi."

"Hata yangu inanguruma, Mama Lynette."

"Yako inanguruma kama paka. Yale ni simba."

"Paka anayekunywa dizeli," Firmin akasema, na wote wawili wakacheka. "Lakini huyu paka akiingia nitamzimia injini. Watoto wako wapumue."

Habari kwamba afisa anakuja zilimfikia Mama Marthe, mkubwa wa akina mama wa kanisa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku ile hakuna aliyeona hivyo. Kwa Mama Marthe mgeni wa serikali alikuwa mgeni wa heshima.

"Anakuja kutuangalia sisi Wakongo," aliwaambia wenzake. "Atukute kama wakimbizi wa kwenye hema? Apana! Atukute watu."

Walipika sambusa na kuchemsha chai ya tangawizi. Kombi iliwekewa vitambaa vyeupe kwenye migongo ya viti. Wagonjwa walivaa nguo za Pasaka. Mama Hélène alitoa sandukuni kikwembe chake cha nta, kitenge cha kijani chenye ndege wa dhahabu, akavaa wigi, akapaka mdomo rangi. Bendeji ya mguu aliifunika kwa soksi ndefu nyeusi.

Firmin alipoleta kiti cha magurudumu mlangoni, Mama Hélène alikitazama kama anayemtazama mbwa aliyeingia kanisani.

"Kirudishe."

"Mama, leo ndiyo siku ya kukaa juu yake. Huyu bwana lazima aone."

"Aone nini? Nipe mkono wako, Firmin. Nitaenda kwenye gari kama mtu."

Firmin alijua kwamba anakosea. Lakini mama huyo alikuwa na umri wa dada yake mkubwa, na macho ya akina mama wote yalikuwa juu yao. Akatoa mkono. Mama Hélène alivuka baraza polepole, kichwa juu, akitabasamu, jasho la maumivu likimtiririka chini ya wigi. Akina mama wakapiga vigelegele. Afisa, mtu mpole mwenye tai, alikula sambusa mbili, akashukuru, akaandika, akaondoka.

Jibu lilikuja kwa lugha safi isiyo na ubaya wowote. Afisa aliona gari la jumuiya ya kanisa, lililopambwa, likibeba watu wachangamfu waliovaa kwa ajili ya sherehe, na bibi mmoja aliyetembea mwenyewe. Hakuona huduma ya lazima kwa umma. Ombi lilikataliwa.

"Tulimfurahisha mno," Mama Marthe alisema, mikono kichwani. "Yesu wangu, tulimfurahisha mno."

Kuanzia hapo Firmin aliiacha kombi juu, nje ya robot, akashuka kwa miguu. Wagonjwa wengine walijikongoja hadi kule. Mama Hélène yeye, Firmin alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ilikuwa Julai, upepo wa baridi ukikata masikio, na njia ya miguu ilikuwa imepasuka na kuinuliwa na mizizi ya miti. Kila mpasuko ulikirusha kiti, na kila kiliporushwa Mama Hélène aliuma ukingo wa blanketi asipige kelele. Lori la taka liliwapita likitapika moshi mweusi. Lilikuwa na ruhusa.

Asubuhi moja gurudumu la mbele lilikwama kwenye shimo, kiti kikainama, na mguu mbovu ukagonga ukuta. Lynette aliona kutoka dirishani. Alitoka mbio, akashika upande mmoja, Firmin upande wa pili, wakakiinua.

Bendeji ilianza kulowa.

"Mama," Lynette alisema akiwa amechuchumaa mbele yake, "mimi ndiye nilipeleka kesi. Nitarudi kwa hakimu nimwambie nilichoona. Lakini wakili wangu amesema maneno yangu hayatoshi. Hakimu anataka kukuona wewe. Na mguu."

"Mguu wangu wameuona marehemu mume wangu na daktari," Mama Hélène akajibu. "Hakimu ni nani kwangu?"

"Ni mtu wa kufungua barabara."

"Basi aifungue bila kunifungua mimi."

Firmin alimsukuma hadi garini. Alishusha ubao, akapandisha kiti, akafunga mikanda. Kisha akabaki ameinama pale, mkono juu ya gurudumu.

"Yaya," akamwita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Hakuwahi kumwita hivyo. "Siku ile nilikupa mkono. Sikupaswa kukupa. Usiniombe tena kitu kama kile, maana nitakupa tena."

Mama Hélène aligeuza uso dirishani.

Siku ya mahakama ilipofika, Firmin aliteremka kumchukua akiwa hajui kama atamkuta tayari. Mlango ulikuwa wazi. Aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu alikuwa bibi kizee mwenye nywele fupi nyeupe, kanzu ya kulalia iliyochujuka na sweta lililotoboka kiwiko. Ilimchukua muda kidogo kumtambua. Hakuwa na wigi, wala rangi ya mdomo, wala soksi.

"Usinitazame," Mama Hélène alisema. "Sukuma."

Mahakamani alipoombwa, aliifungua bendeji mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, akakataa kusaidiwa. Harufu iliwafikia watu wa benchi la mbele. Yule afisa mwenye tai aliinamisha kichwa. Hakimu alitazama, akasema ahsante kwa sauti ya chini, akaandika kwamba kombi ile iongezwe kwenye orodha ya waliosamehewa, iingie, ipakie, na izime injini ikisimama.

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja kliniki. Muuguzi alipousafisha mguu aliacha kuongea katikati ya sentensi, akaenda kumwita daktari. Mama Hélène hakurudi nyumbani siku ile. Daktari alitaja goti, akasema watakata chini yake, kesho.

Kesho yake Firmin alibandika karatasi ya ruhusa kwenye kioo cha mbele na kuteremka hadi mlangoni pa Mama Hélène, barabara nyeupe bila gari jingine. Alizima injini. Ng'ambo, watoto wa Lynette walikuwa wakiimba. Lynette alisimama dirishani, akainua mkono, akaushusha alipoona kwamba ndani ya kombi, nyuma, hakuna mtu.

Mama Marthe alitoka na mfuko wa nguo. Juu kabisa kilikuwa kikwembe cha kijani chenye ndege wa dhahabu, kimepigwa pasi.

"Amepiga simu," alisema. "Anasema wakimtoa mle hospitali, hatoki bila hiki."

Firmin alikipokea kwa mikono miwili. Alifungua mlango wa nyuma, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akakiweka kikwembe pale.