Wimbo Mpya Kwenye Sendofu

Nilipokuwa chuoni, Dar es Salaam nzima iliimba wimbo wa msichana mmoja. Ulitamba msimu mmoja, kisha redio zikahamia kwa wengine. Miaka mingi baadaye nilimkuta hapa Sydney, Merrylands, akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Watanzania wenzetu walimwita kwa jina la wimbo ule, kana kwamba mama yake hakumpa jina jingine.

Alipoombwa kuimba kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yangu kabla ya harusi, alitoa sharti moja: ataimba wimbo mpya, alioutunga huku. Kamati ya sherehe ilikubali upesi mno. Alikuja kuniimbia jikoni kwangu, nami nikamwambia ukweli, kwamba ulikuwa mzuri kuliko ule wa zamani.

"Basi wausikie mara moja tu," alisema. "Wakishausikia, hata nisipoimba tena, sawa."

Walimpangia wakati wa zawadi, wageni wanapocheza kwa foleni kuelekea kwa wazazi wa binti, mizigo kichwani. Foleni ya namna hiyo haiendi bila wimbo unaojulikana. Alifumba macho, akaanza. Ubeti wa kwanza ukaisha bila mtu kuinua mguu. Shangazi aliyetangulia alibaki amesimama na boksi la blenda kichwani, kama aliyepotea njia.

"Dada, mbona unatuombolezea?" akapaza sauti. "Mtoto anaolewa, hajafa!"

Ukumbi ukacheka. Mama wa binti akamkonyeza mshereheshaji, naye akamkonyeza mpiga muziki. Katikati ya ubeti wa pili, spika zikalipuka kwa sauti ya msichana mbichi: yeye mwenyewe, wa enzi zile. Vigelegele vikapanda, foleni ikaanza kwenda.

Hakuacha kuimba mara moja. Maikrofoni yake ilikwishazimwa. Midomo iliendelea na ubeti ambao hakuna aliyeusikia.

"Mwoneni anavyofuatisha!" mshereheshaji alitangaza. "Umri umekwenda, lakini maneno bado anayakumbuka!"

Mwimbaji akaiweka maikrofoni yake juu ya spika, taratibu, kama kitu cha kuazima. Kisha akaenda kwenye meza yake, akachukua doti ya kitenge aliyomletea binti, akaingia mwishoni mwa foleni. Alitembea tu. Mwanamke aliyejiunga baada yake, kiuno kikifuata mdundo, akamsukuma mgongoni kwa sufuria.

"Cheza bwana, dada, unatuzibia njia."

Akacheza.